Mita 30 hazijui ufa ulipo

Nyumbani kwetu Busia, upande wa Uganda, jirani yetu mmoja alichimbiwa visima viwili katika msimu mmoja. Cha kwanza kilifika mita 70 na kutoa vumbi tupu, mpaka fundi akazima kompresa na kukaa kivulini. Wakasogeza mtambo hatua kama 40 kuelekea kwenye mwembe, wakaanza upya. Walipofika mita 43 maji yakaruka juu pamoja na vipande vya mawe, watoto wakakimbilia kuoga. Wazee waliokuwepo walisema ni bahati. Fundi, kijana wa Malaba, hakusema bahati. Alisema, "Tumeugonga ufa."

Neno lile limebaki nami, na hunirudia kila ninapokutana na kanuni yetu ya usalama wa maji, ambayo ni kanuni ya umbali. Choo kikae angalau mita 30 kutoka kwenye chanzo cha maji. Maafisa wa afya wameifundisha vijiji vyote, na mahali pengi imeokoa watu. Penye udongo au mchanga ina mantiki, kwa sababu maji hupenya polepole katikati ya chembe, na vijidudu vingi hunaswa au hufa kabla hayajafika mbali. Tatizo ni kwamba kisima cha jirani yetu hakinywi kutoka kwenye mchanga. Kinanywa kutoka kwenye ufa mmoja ulio ndani ya jiwe, na ndani ya jiwe mita 30 zinaweza kuwa safari ya miaka au safari ya siku moja. Inategemea ufa umeelekea wapi, una upana gani, na umeungana na nini.

Ndiyo maana nasema hivi: mahali ambapo ardhi imechafuliwa, au inashukiwa kuchafuliwa, hatuna haki ya kuwaambia watu kwamba maji yao ya chini ni salama, wala kwamba si salama, kabla ya kuingiza chombo cha kupiga picha kisimani na kuutazama mwamba wenyewe. Vyombo hivyo vipo, vinafanya kazi, na vingetufaa sisi kuliko nchi nyingi kwa sababu ya jiwe tulilokalia.

Sehemu kubwa ya Uganda imekaa juu ya miamba ya kale sana, granaiti na naisi, mingine yenye umri unaozidi miaka bilioni 2.5. Ukichimba, kwanza unakuta udongo mwekundu na murami, kisha mfinyanzi, kisha mwamba uliooza ambao bado unaonyesha mistari ya jiwe la asili lakini unavunjika mkononi. Chini yake mawe yaliyokatikakatika, halafu jabali zima lenye nyufa hapa na pale. Jabali lenyewe halihifadhi maji karibu hata kidogo, maji yamo kwenye nyufa. Juu, ule mwamba uliooza ni kama sifongo, umejaa maji lakini hauyaachii haraka.

Wataalamu wa maji ya chini ya ardhi, Richard Taylor na Ken Howard, walifanya utafiti wa miaka mingi Uganda katika miaka ya 1990 kuhusu tabaka hizi mbili. Walionyesha jambo ambalo wachimbaji wengi walikuwa hawalipi uzito: tabaka lililooza linaweza kupitisha maji sawa na nyufa za chini, au hata zaidi, na tabaka hizo mbili zimeunganika. Ukipampu kisima kilichochimbwa ndani ya jabali, maji ya juu yanashuka kujaza pengo. Mtu anayechimba kisima cha mita 80 akiamini kwamba kina kirefu kinamtenga na vyoo vya mtaani anapaswa kulisoma hilo mara mbili. Kisima chake ni kirefu, ndiyo, lakini pampu yake inavuta kutoka kule kule juu, na ufa ndio mlango.

Naomba nisieleweke vibaya kuhusu Kampala. Chemchemi za mabondeni, zile za Bwaise na mitaa kama hiyo, zimechunguzwa kwa miaka mingi na kukutwa na vijidudu vya kinyesi pamoja na naitreti, na chanzo kinajulikana: vyoo vya shimo, takataka na maji ya mvua yanayopenya karibu kabisa na uso wa ardhi. Pale hakuna haja ya kupiga picha jabali lolote. Panahitajika vyoo bora, mifereji na maji ya bomba ambayo maskini anaweza kuyalipia. Ninachozungumzia hapa ni maji ya ndani ya mwamba, yale ya kisima kirefu ambacho Waganda hukiita nayikonto, ambayo tumezoea kuyaita safi kwa sababu tu yanatoka mbali.

Sasa chombo chenyewe. Kuna aina mbili kubwa. Ya kwanza hutumia mwanga: kamera inashushwa kwa waya, na kioo au lenzi yake maalumu inauona ukuta wote wa kisima kwa mzunguko wa nyuzi 360. Inataka maji maangavu au kisima kikavu. Ya pili hutumia sauti. Chombo kinatuma mapigo ya sauti ya juu sana ambayo sikio haliyasikii, yanagonga ukuta na kurudi, nacho kinapima mambo mawili: mwangwi ulirudi na nguvu kiasi gani, na ulichukua muda gani. Jiwe zima hurudisha mwangwi wenye nguvu, ufa huumeza. Aina hii haijali maji kuwa na tope, ilimradi kisima kina maji. Ilianzia kwenye uchimbaji wa mafuta. Joseph Zemanek na wenzake wa kampuni ya Mobil waliieleza hadharani mwaka 1969, na baadaye wataalamu wa maji wakaichukua.

Picha inayopatikana ni ukuta wa kisima uliokunjuliwa ukawa bapa, kama mtu aliyepasua bomba la karatasi kwa urefu na kulitandaza mezani. Hapo ndipo uzuri wa jambo hili unapoonekana. Ufa uliolala kama sakafu unaonekana kama mstari ulionyooka. Ufa ulioinama unaonekana kama wimbi moja linalopanda na kushuka, na kadiri ulivyoinama ndivyo wimbi linavyokuwa refu. Katika kisima chenye kipenyo cha milimita 165, wimbi lenye kimo cha milimita 165 maana yake ufa umeinama nyuzi 45. Sehemu ya chini kabisa ya wimbi inaonyesha upande ambao ufa unaelekea kushuka, kwa sababu ndani ya chombo mna sumaku ya dira na vipima mwinamo. Kwa hiyo unaweza kukaa na picha ile na kusema: kwenye mita 43 kuna ufa unaoshuka kuelekea kusini-mashariki. Ukigeuka na kuufuata kinyume, kupanda kaskazini-magharibi, unajua ni kiwanja cha nani unachopaswa kukitilia shaka.

Jambo hilo ni kubwa kuliko linavyosikika. Leo tunapotafuta chanzo cha uchafu tunatazama mteremko wa kilima, tunasema maji yanatoka juu kwenda bondeni. Kwenye mwamba wenye nyufa, maji hufuata mwinamo wa nyufa, na nyufa zilipasuka mamilioni ya miaka kabla ya kilima hicho kuchongwa na mvua. Kilima na ufa havikushauriana.

Lakini picha pekee inaweza kudanganya, na anayeiuza kama jibu la kila kitu apingwe. Kisima kimoja kinaweza kuonyesha nyufa hamsini, halafu maji yakawa yanapita kwenye mbili au tatu tu, nyingine zimezibwa na madini au haziendi popote. Tena upana unaouona ukutani si upana halisi, kwa sababu nyundo ya kuchimbia huvunja kingo za ufa na kuufanya uonekane mnene. Na upana ndio kila kitu: maji yanayopita kwenye ufa huongezeka kwa mchemraba wa upana wake. Ufa ukiwa mpana mara mbili, unapitisha mara nane. Ufa wa milimita 1 unapitisha mara 1,000 ya ufa wa sehemu ya kumi ya milimita, na huu mdogo chombo kinaweza kisiuone kabisa.

Kwa hiyo picha huenda pamoja na kipimo cha mtiririko. Wataalamu wa Shirika la Jiolojia la Marekani, Frederick Paillet na Alfred Hess miongoni mwao, walifanya kazi kubwa miaka ya 1980 kwa kipima mtiririko kinachopasha maji joto kidogo na kusubiri joto hilo lipande au lishuke, kiasi kwamba hata mwendo mdogo mno unaonekana. Njia ya bei nafuu zaidi ni chumvi: koroga chumvi kidogo kisimani ilingane toka juu hadi chini, kisha pima kila baada ya muda jinsi maji yanavyopitisha umeme kwenye kila kina. Pale chumvi inapotoweka haraka, maji mapya yanaingia, na ufa ulio hapo ni hai. Kipimo cha kazi hiyo vyuo vyetu tayari vinacho. Nasisitiza chumvi kwa sababu kuna tabia ya kuamini kwamba sayansi ya mwamba inaanza pale fedha za wafadhili zinapofika.

Kuna kasoro nyingine ambayo wachimbaji wetu wanaihisi bila kuipa jina. Kisima kilichosimama wima hukutana kwa urahisi na nyufa zilizolala na hupishana na nyufa zilizosimama wima kama yenyewe. Unaweza kuchimba katikati ya nyufa mbili wima zilizoachana mita 5 usiguse hata moja. Mwanajiolojia Ruth Terzaghi aliandika kuhusu upofu huu mwaka 1965 na kutoa hesabu ya kuurekebisha, lakini hesabu haiwezi kurekebisha ufa ambao hukuuona kabisa. Kwenye eneo la hatari lazima angalau shimo moja la uchunguzi lichimbwe kwa mshazari.

Kwa nini nasema eneo lililochafuliwa na si kila kisima? Mwezi Mei mwaka 2000, mji mdogo wa Walkerton, jimbo la Ontario nchini Kanada, ulipatwa na mlipuko wa ugonjwa wa kuhara: bakteria wa kinyesi cha ng'ombe waliingia kwenye kisima cha mji baada ya mvua kubwa. Watu 7 walikufa, zaidi ya 2,000 wakaugua. Palikuwa na uzembe wa kutia dawa, na hilo liliadhibiwa. Lakini wataalamu waliochunguza mwamba baadaye, kwa kamera za kisimani na rangi za kufuatilia maji, walikuta maji yakisafiri kwenye mianya ya mwamba mara nyingi zaidi ya kasi iliyokuwa imekadiriwa na hesabu za kompyuta zilizochukulia mwamba kana kwamba ni mchanga. Mita 30 zetu nazo huuchukulia mwamba kana kwamba ni mchanga.

Upande wa pili ni uchafu usiokuja haraka bali usioondoka. West Trenton, New Jersey, kulikuwa na kituo cha jeshi la majini la Marekani cha kujaribia injini za ndege, na huko dawa ya kusafishia vyuma iitwayo triklorethilini ilimwagika kwa miaka mingi ikaingia kwenye mwamba wa tope gumu wenye nyufa. Ni nzito kuliko maji, basi inazama. Maji yamepampuliwa na kusafishwa pale tangu miaka ya 1990, na bado uchafu uko, kwa sababu kemikali iliingia kutoka kwenye ufa hadi ndani ya vitundu vya jiwe lenyewe, na sasa inarudi nje polepole. Granaiti yetu nzima haina vitundu vya kutosha kufanya hivyo. Ile sifongo iliyo juu yake inavyo tele. Kinachomwagika leo kwenye udongo wa Uganda kinaweza kujificha kwenye mwamba uliooza na kuwalisha wajukuu kupitia nyufa za chini, kidogo kidogo.

Sasa tutazame kwetu. Tarehe 10 Agosti 2024 mlima wa takataka wa Kiteezi, wilayani Wakiso, uliporomoka ukafunika nyumba na watu. Zaidi ya 30 walikufa. Tuliomboleza, tukabishana nani awajibike, tukaanza kuzungumzia dampo jipya. Jalala lile lilikuwa limepokea taka za Kampala tangu mwaka 1996. Maji meusi yanayochuruzika chini ya taka hayakuporomoka siku ile, yalikuwa yanashuka kila siku kwa karibu miaka 30, na yataendelea kushuka hata pakipandwa nyasi. Watafiti wameshayapima kwenye kijito cha bondeni. Kijito ni rahisi, unakiona. Ninachotaka kuona kuzunguka Kiteezi ni mashimo machache ya uchunguzi yaliyopigwa picha mpaka ndani ya jabali, yenye vipimo vya mtiririko kwa kila ufa na sampuli ya maji iliyochukuliwa kwenye ufa mmoja mmoja, na si ndoo moja iliyochanganya yote. Na kabla ya kuchagua bonde la dampo jipya, kazi hiyo itangulie lori la kwanza.

Kilembe, chini ya Rwenzori, ni hadithi nyingine. Shaba ilichimbwa kwa wingi kuanzia mwaka 1956 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mabaki yenye kobalti yakaachwa kando ya Mto Nyamwamba. Madini ya salfaidi, yaani yenye salfa ndani yake, yakikutana na hewa na maji hutengeneza asidi, na asidi huyeyusha metali. Mafuriko, yakiwemo yale ya 2013 na ya 2020, yamekuwa yakiyachota mabaki hayo na kuyasambaza kuelekea Kasese. Kila mtu anautazama mto. Lakini mlima wenyewe umetobolewa kwa mahandaki, na handaki ni ufa uliochongwa na binadamu, mpana kuliko wowote ambao asili ingeupasua. Mgodi ukifufuliwa, kama inavyozungumzwa kila miaka michache, ramani ya nyufa zinazokutana na mahandaki iwe sharti la kwanza la mkataba, si kiambatisho.

Na Busia kwetu kuna dhahabu. Wachimbaji wadogo husaga mawe, huyachanganya na zebaki kwa mikono mitupu, na siku hizi mabaki hupitishwa kwenye mabwawa ya sianidi ili kuvuna kilichobaki. Jua huivunja sianidi iliyo wazi, chini ya ardhi hakuna jua. Ukanda wenye dhahabu ni ukanda wenye nyufa, hilo mchimbaji yeyote anakuambia, kwa kuwa dhahabu ililetwa na maji moto yaliyopita kwenye nyufa zamani sana. Shimo la dhahabu na kisima cha kijiji kwa hiyo huweza kuwa vinafuata kitu kile kile. Siwalaumu vijana wanaochimba, wengi nimesoma nao. Nataka mama zao wajue wanachokichota.

Kuna hatari ambayo lazima niitaje kwa sababu nia njema huileta. Shimo la uchunguzi linapoachwa wazi linaunganisha nyufa ambazo hazikuwa zimeungana. Uchafu uliokuwa mita 20 unateremka kwa starehe mpaka ufa safi wa mita 60, na sisi ndio tuliouonyesha njia. Kwa hiyo shimo likishapigwa picha lizibwe, ama kwa saruji na bentonaiti, mfinyanzi unaovimba ukilowa, ama kwa vifuko vya mpira vinavyojazwa hewa na kutenganisha kina na kina, ama kwa soksi ndefu isiyopitisha maji. Jambo hilo hilo linahusu mashimo makavu yanayotelekezwa baada ya mtambo kuhama. Lile la kwanza la jirani yetu lilifunikwa kwa jiwe bapa na gunia. Kuna mengi ya namna hiyo, na kwangu kila moja ni choo kinachosubiri mvua.

Watasema ni ghali, na kweli seti kamili hufika makumi ya maelfu ya dola. Hatuhitaji seti kwa kila wilaya. Kurugenzi ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji pale Entebbe ikiwa na seti mbili, na watu wanne waliofundishwa kuzisoma na kulipwa vizuri ili wasihamie kwenye mafuta ya Hoima, inatosha kuanza. Mashimo tayari tunayo. Visima vyetu vingi hufungwa plastiki kwenye udongo wa juu tu na kuachwa wazi ndani ya jabali, na hivyo ndivyo chombo hiki kinavyopenda, maana hakioni kitu nyuma ya bomba, na chuma huvuruga dira yake. Kila mara pampu inapovuliwa kwa matengenezo, ukuta wa mwamba uko wazi kutazamwa. Waliochimba wana leseni na wanatakiwa kupeleka wizarani ripoti ya kila kisima: kina, aina ya mwamba, wingi wa maji. Fomu hiyo iongezwe mstari kwa visima vilivyo karibu na jalala, mgodi, kituo cha mafuta au kambi ya wakimbizi: nyufa zinazotoa maji ziko kina gani na zimeinama kuelekea wapi. Na mwenye mradi unaochafua ndiye alipe, kwa kuwa Sheria ya Taifa ya Mazingira ya mwaka 2019 inakubali kwamba anayechafua hulipa.

Picha hizo ziwekwe mahali ambapo mwanafunzi wa Makerere au wa Busitema anaweza kuzifungua bila kumjua mtu ofisini. Na maelezo yake yafike kijijini kwa lugha inayosikika huko. Mpakani hapa fundi, askari, mfanyabiashara na mchimba dhahabu wanaelewana kwa Kiswahili, na neno ufa halihitaji tafsiri.

Kisima cha chini ya mwembe bado kinatoa maji. Asubuhi foleni ya madumu huanza kabla ya jogoo wa pili. Upande wa juu, umbali unaozidi sana mita 30, kuna uwanja wa kusagia mawe ya dhahabu ambao haukuwepo tulipochimba. Pampu inatakiwa kuvuliwa mwaka huu kubadilishwa mabomba yaliyoshika kutu. Kushusha chombo mpaka chini kabisa na kukipandisha kikipiga picha ni kazi ya asubuhi moja, na kwenye mita 43 kitaonyesha ule ufa umeelekea wapi.